Mgomba wa Osundwa

Mwisho wa mwezi, wakulima wa miwa wakishalipwa, hakuna mtu mwenye akili zake aliyeingia duka la viatu mjini Kakamega akitarajia kutoka upesi. Miaka ile sukari ilikuwa imepanda na mji mzima ulikuwa umelewa utamu wake. Wazee waliokulia pekupeku walijaribu viatu vya ngozi mbele ya kioo, wakijigeuza geuza kama maharusi. Mama mmoja alikuwa amenunua godoro duka la jirani, sasa amelibeba kichwani na hataki kulitua, na kila akigeuka anafagia kofia za watu.

Katikati ya msukumano huo alisimama Awinja. Gauni la manjano lenye ukosi mpana, nywele zimechanwa zikasimama duara, mkono mmoja umemshika Were mwenye miaka sita, na wa pili unamtafuta Edah mwenye miaka minne ambaye sasa hivi tu alikuwa hapa.

"Edah! Wee Edah!"

Edah alikuwa amesimama nyuma ya rafu, miguu yote miwili ameitumbukiza ndani ya gambuti moja kubwa. Mwenye gambuti, kijana mrefu aliyevaa ovaroli ya buluu yenye madoa ya grisi, alikuwa amelivua ili ajaribu kiatu kipya. Sasa alibaki na soksi iliyotoboka kidole.

"Hii ni nyumba yangu," Edah alimwambia.

"Toka hapo mara moja!" Awinja alimvuta. "Pole sana, ndugu. Huyu mtoto hana haya hata kidogo."

 Kijana alimkodolea macho kama mtu aliyeitwa na sauti anayoijua.

"Sema tena," alisema.

"Niseme nini?"

"Chochote. Sema, 'Namba, tafadhali.'"

Awinja aliachia mkono wa mtoto. Yeye alikuwa opereta wa simu pale posta, na maneno hayo aliyasema kutwa nzima mpaka usingizini. "Wewe nani?"

"Karakana ya kiwanda, Mumias. Yule unayemwambianga kila asubuhi kwamba laini ya Kisumu ina shughuli."

"Kimutai! Ndiye wewe unanitukananga?"

"Mimi natukana laini. Opereta simtukani."

"Juzi ulisema opereta wa Kakamega analala kazini. Nilisikia. Sisi tunasikianga kila kitu, bwana."

"Basi nisamehe. Nilidhani wewe ni mama mnene mwenye miwani."

"Na mimi nilidhani una adabu."

Kimutai alicheka mpaka yule mama wa godoro akageuka kumtazama, na kofia nyingine ikaanguka. Aliuliza wanatafuta nini. Viatu vyeupe, Awinja alimweleza. Rafiki yake Dorothy angeolewa baada ya miezi michache, na hawa wawili wangetembea mbele ya bibi harusi wakimwaga maua. Kimutai alipenya umati kwa mabega yake, akarudi amebeba jozi mbili juu ya kichwa. Akapiga goti mwenyewe na kumvisha Edah. Mwanamke ambaye miaka miwili hajaona mwanamume akipigia goti watoto wake, moyo wake utafanyaje? Ulilainika, ndiyo. Tusimlaumu.

Tangu siku hiyo laini ya Mumias ikawa na shughuli kuliko ya Kisumu.

"Kakamega, nipe Nairobi."

"Nairobi unataka nani?"

"Simtaki mtu. Nataka unipeleke polepole, nikusikie ukizungusha."

"Kimutai, kuna watu wanangoja."

"Wangoje. Umekunywa chai?"

"Nimekunywa."

"Na sukari?"

"Sukari si iko kwenu kiwandani? Nyinyi ndio mnatunyima."

"Jumapili nitakuletea. Nitajileta mwenyewe, unikoroge."

"Mshenzi wewe!" Awinja alikuwa akisema, na wenzake kwenye mbao za kuunganishia simu walikuwa wakigeuka kwa kijicho.

Na kweli Jumapili alikuja, mpaka chumba chake cha kupanga pale Shieywe, akiwa amevaa suruali pana chini na shati la maua, mkononi amebeba maziwa ya ng'ombe wa mama yake kutoka shamba la Lugari. Walizungumza Kiswahili, maana yeye Mkalenjin na Awinja Mluhya, na hakuna aliyejua lugha ya mwenzake zaidi ya salamu. Watoto walimpanda mgongoni. Siku moja, watoto wakiwa nje, aliuliza lile ambalo lazima liulizwe.

"Baba yao?"

"Alikufa," Awinja alisema. "Tulimzika kwao Khwisero. Nilisimama pale nikaona udongo ukirudishwa."

"Pole, mpenzi."

Awinja hakusema uongo hata neno moja. Lakini hakusema yote, na hayo aliyoyameza ndiyo hadithi yenyewe.

Mumewe, Osundwa, alikuwa dereva wa trekta la miwa. Msimu wa mafuriko mto Nzoia ulimchukua pamoja na trekta lake. Trekta lilipatikana limelala ubavu kwenye mchanga. Osundwa hakupatikana. Walimtafuta hadi wazee wakasema basi, roho isiyo na kaburi huzurura, tumpe pa kulala. Kwa watu wa huko, mtu asipoonekana mwili, huzikwa gogo la mgomba mahali pake. Hukatwa gogo tupu, likafungwa blanketi, likaliliwa, likafukiwa. Mambo yanaisha.

Sasa, vijana waliotumwa kukata gogo walikuwa wavivu. Mvua ilikuwa imeng'oa mgomba mmoja na mizizi yake, basi wakaona wa nini kuhangaika na panga? Wakaubeba vilevile na tunguu lake, wakaufunga blanketi, wakaulaza kwenye kaburi lililochimbwa kina cha magoti, maana nani anachimba kina kirefu kuzika mgomba? Hakuna aliyefungua blanketi kutazama.

Msimu wa mvua uliofuata, Osundwa akachipua.

Ndivyo watu walivyosema, si mimi. Jani la kwanza lilitoka pale ambapo kichwa kingekuwa. Wazee walikuja, wakatazama, wakaenda zao bila kunywa chai. Ilisemwa kwamba maadamu mgomba uko hai, mke ni wa Osundwa bado, na mwanamume atakayemgusa ajitafutie gogo lake mapema. Mama yake Osundwa, ambaye wajukuu walimwita kukhu, hakuruhusu mtu akaribie na panga. Wakati huo Awinja alikuwa amekwisha kupata kazi mjini. Habari hizo aliletewa na Dorothy, ambaye shamba la kwao lilipakana na la Osundwa. Tangu hapo hakukanyaga Khwisero tena.

Na sasa Dorothy anaolewa, na harusi ni pale pale, kando ya kaburi, ua wa miwa tu ukitenganisha.

"Usipokuja wewe na watoto, siolewi," Dorothy alimwambia kwenye simu. "Namwambia Shikanga arudishe suti yake alikoazima."

"Dorothy, unajua kule kuna nini."

"Kuna mgomba. Nimeishi nao, haujaning'ata. Njoo na huyo Kimutai wako tumwone."

Ijumaa ya safari, Awinja akiwa kazini kabla ya chakula cha mchana, kijitaa cha laini ya Khwisero kiliwaka. Alichomeka waya.

"Namba, tafadhali."

Hakuna aliyejibu. Ilisikika sauti ya maji, maji mengi yanayopita juu ya mawe, na ndani yake kitu kama mtu anayejaribu kuvuta pumzi.

"Halo? Khwisero, ongea!"

Maji tu. Alichomoa waya. Alipompigia karani wa kule, karani alishangaa. "Dada, simu yetu imeharibika tangu juzi. Hata wewe umenipataje?"

Hakumwambia Kimutai. Hapo alikosa, nasema wazi.

Waliondoka alasiri kwa pikapu ya karakana, watoto wakiimba. Boma la kina Dorothy lilikuwa linachemka: ingokho, kuku wa huko, zinanyonyolewa, wanawake wanasonga ugali wa obusuma kwa miiko mirefu kama makasia, turubai linavutwa huku na huku. Dorothy alimkumbatia Awinja, kisha akamzunguka Kimutai kama mnunuzi wa ng'ombe.

"Mrefu. Meno yapo. Utamla kwa miaka mingi," alisema, na wanawake wakapiga vigelegele.

Jumamosi asubuhi ndipo mambo yalipoharibika. Watoto walikuwa wameshavishwa. Edah gauni jeupe, Were tai ndogo. Awinja aligeuka kutafuta kitana, akageuka tena, hawapo. Waliita chooni, jikoni, chini ya pikapu. Jua lilikuwa kali na miwa imesimama kimya, hakuna jani lililotikisika. Kisha miwa ikafunguka na watoto wakatoka wakitembea taratibu, wameshikana mikono. Viatu vyao vyeupe vilikuwa vimelowa chepechepe, na mvua haikuwa imenyesha wiki nzima. Kila mmoja alishika ndizi mbivu, ameila nusu.

"Mlikuwa wapi? Nani amewapa hizo?"

"Baba," Edah alisema huku akitafuna.

"Baba gani?"

"Baba wa trekta. Amesema mama usalimiwe."

 Were alikuwa analia bila sauti, na bado anakula.

Mwiko uliokuwa jikoni ulisimama. Shangazi mmoja wa Dorothy alijifunga khanga upya akasema, kwa Kiswahili cha kusikika kabisa, "Si niliwaambia? Osundwa ameona watoto wake wakija na mwanamume mwingine."

Kimutai alikuwa pale, ameshika brashi ya kufutia viatu. "Osundwa ni nani?"

"Mume wake! Si yuko hapo tu ng'ambo? Mwaka huu amezaa mkungu."

Kimutai alimshika Awinja mkono, wakaenda nyuma ya jiko.

"Uliniambia mumeo amezikwa."

"Amezikwa."

"Ulimwona?"

Awinja aligeuka akatazama miwa.

"Awinja, nauliza. Ulimwona uso?"

"Tulizika mgomba. Mto ulimchukua, hatukumpata."

"Kwa hivyo hujui kama amekufa."

"Alikufa! Trekta lilikuwa limelala, Kimutai, mtu gani angetoka pale?"

"Watoto wako wametoka sasa hivi kuongea na yeye! Mimi nimekaa miezi hii yote nikikupenda kama mtu huru, kumbe kuna mwanamume ng'ambo ya miwa, mzima au maiti hata wewe hujui. Ungeniambia siku ya kwanza ningekaa na wewe tukafikiri. Lakini umenifanya mjinga mbele ya hawa wamama."

"Ningekuambiaje? 'Karibu chai, mume wangu ni ndizi'?"

Siku nyingine wangecheka. Kimutai aliitupa brashi na kwenda kwenye pikapu. Edah alikimbia nyuma yake akiita jina lake mpaka vumbi likammeza.

Harusi ilifungwa. Dorothy alipendeza, hilo lazima niseme, shela imeburura hadi mlangoni, na Shikanga akitokwa jasho ndani ya suti ya kuazima. Watoto walitangulia wakimwaga maua, na viatu vyao viliacha nyayo za maji kwenye sakafu ya kanisa, hatua kwa hatua hadi madhabahuni. Katikati ya njia Edah alisimama, akageukia benchi la nyuma ambalo halikuwa na mtu, akapunga mkono. Watu walioketi benchi la mbele yake walisogea. Awinja alilia ibada nzima, na wasiojua walisema anampenda sana rafiki yake.

Walipokuwa wakigawa soda, alichukua watoto mmoja kila mkono, akaingia kwenye miwa. Alikuwa amechoka kuogopa. Mwanamke akifika hapo, msimsimamie njiani.

Alitokea kwenye boma la Osundwa. Nyumba ilikuwa imefungwa. Kando yake mgomba ulisimama juu ya kaburi, mnene kuliko mgomba wowote aliowahi kuuona, majani yake yakitikisika na hali upepo haupo. Mkungu ulikuwa umeinama hadi juu kidogo ya kichwa cha mtu mzima. Chini yake, juu ya kigoda, aliketi kukhu, amevaa koti la marehemu mwanawe.

"Umekuja," alisema. "Nilimwambia utakuja."

"Mama, wewe ndiye uliwapa watoto ndizi?"

"Ndizi gani? Angalia."

Awinja aliangalia. Mkungu wote ulikuwa mbichi, kijani kibichi, ngozi ngumu isiyoingia hata ukucha. Lakini katika chane ya chini vidole viwili havikuwapo, na vikonyo vyake vilikuwa vinachuruzika maji. Aliwavuta watoto karibu na gauni lake.

"Mimi siwezi fika huko juu, na sina ndizi mbivu nyumbani," kukhu alisema. "Watoto walikuja asubuhi, wakaongea na baba yao. Mimi nilikaa ndani nikiwasikiliza. Yeye huwa anaongea polepole, unajua. Hata akiwa mdogo."

"Mama, niachilie." Awinja alipiga magoti na gauni lake la kuendea harusi. "Kuna mtu nimempenda. Niko na miaka ishirini na saba. Uniachilie niolewe kwa amani."

Bibi alishika shina la mgomba kama mtu anayeshika mguu wa mgonjwa. "Ukikata huu, wewe utaenda na bwana yako. Watoto watakwenda na wewe. Mimi nitabaki na nini? Niambie. Na shimo?"

Awinja aliketi chini kando yake. Kukhu naye hakumfukuza. Walikaa hivyo hadi ngoma za harusi zikaanza ng'ambo, na Awinja akainuka akarudi.

Jumapili baada ya ibada alienda misheni, akamwomba padri simu. Jeruto, mwenzake, ndiye aliyekuwa zamu Kakamega.

"Namba, tafadhali."

"Jeruto, ni mimi. Nipe Mumias, nyumba za mafundi. Na usisikilize."

"Nisikilize nini, mimi nina kazi," alisema Jeruto, na akasikiliza kila neno, ndiyo sababu hata sisi tunajua.

"Halo."

"Kimutai."

Ng'ambo redio ilizimwa.

"Usikate. Sina la kukuficha tena. Nilizika mgomba, na mgomba ukaota. Jana nimeuona. Unatikisika bila upepo. Mwanamume yule sijui yuko wapi, na sitakudanganya kwamba najua. Najua tu kwamba mimi niko hai. Nilikuwa nimesahau mpaka ulipopiga goti pale dukani ukamvisha mtoto wangu kiatu. Sasa nimekumbuka, na inauma. Ukinikataa, nikatae kwa sababu yangu mimi. Usinikatae kwa sababu ya ndizi."

Laini ilinguruma. Ng'ambo mtu alivuta pumzi, na safari hii ilikuwa pumzi ya mtu mzima wa afya.

"Edah alikula?" Kimutai aliuliza.

"Nini?"

"Nilimwacha akikimbia kwenye vumbi. Sijalala. Alikula?"

"Alikula wali, akamwaga soda kwenye shela ya Dorothy."

"Nakuja. Usiende kwa huyo mama bila mimi."

Alifika alasiri, siku ambayo familia mbili zilikuwa zimepatana Dorothy achukuliwe rasmi kwenda kwa kina Shikanga. Boma lilijaa tena suti na vitambaa vya kichwa. Kimutai hakusalimia mtu. Alimchukua Edah begani, akamshika Awinja mkono, Were akashika mfuko wa suruali yake, wakapita kwenye miwa wote wanne.

Kukhu alikuwa palepale. Kimutai alivua kofia, akainama, akangoja mpaka aulizwe.

"Wewe ndiye?"

"Ndiye mimi, mama. Naitwa Kimutai. Sikuja kukunyang'anya mtu."

"Wote husema hivyo."

"Kama unataka nikae hapa mpaka useme ndiyo, nitakaa. Ukisema hapana, nitarudi Jumapili ijayo nikuulize tena."

"Huogopi?" Bibi alielekeza kidevu chake kwenye mgomba.

"Naogopa sana. Miguu inatetemeka, angalia."

Kukhu aliitazama miguu yake, na ilikuwa inatetemeka kweli. Sura yake ililegea kidogo, lakini alitikisa kichwa. "Mutoto wangu yuko hapa. Siwezi."

Hapo Edah, kutoka begani mwa Kimutai, aliegemea mbele hadi shavu lake likagusa jani. Alikaa hivyo kama mtoto anayenong'onezwa, akiitikia kwa kichwa. 

"Kukhu," alisema. "Baba anasema miguu inamuuma."

"Anasema nini?"

"Amechoka kusimama. Anataka kulala, lakini wewe umemshika."

Bibi aliangalia mikono yake. Kweli, ilikuwa imeshika shina. Aliiachia kidole kimoja kimoja. Kisha aliinuka, akaingia ndani, akatoka na panga, na Kimutai aliponyoosha mkono amsaidie akamwambia hapana, mimi ndiye nilimzaa.

Alikata mara moja. Mgomba una maji, kila mtu anajua hilo, lakini haya hayakuwa maji ya mgomba. Yalibubujika mekundu ya udongo, mengi, yakaleta mchanga na majani ya mto, na harufu ya Nzoia wakati wa mafuriko ikajaa uwanja wote maili nyingi mbali na mto wowote. Yalipita juu ya viatu vyao. Kisha yakakoma, na mgomba ukalala chini polepole, bila kishindo, mkungu ukatangulia.

Kimutai alichimba. Chini alikuta blanketi, na ndani yake tunguu, jeupe na baridi. Alilitoa lote, kisha wakachukua gogo tupu lililokatwa, wakalifunga kwa lile koti ambalo kukhu alilivua mwenyewe, wakalilaza kama inavyotakiwa tangu mwanzo. Alirudisha udongo na kuupiga kwa koleo.

"Edah," kukhu aliuliza, "anasema nini sasa?"

Edah alisikiliza. Akainua mabega. "Hasemi kitu. Amelala."

Ndipo yule mama alipolia. Siku ya mazishi hakulia, maana angemlilia nani, gogo? Sasa alitupa mikono kichwani akatoa mlio ule ambao kila mtu wa huko anaujua, mlio wa mama aliyefiwa leo. Ng'ambo ya miwa ngoma za harusi zilikatika. Mlio kama huo haupitwi, uwe kwenye harusi au kwenye mahakama. Miwa ilifunguka kila upande, wakaja na suti zao na maua vifuani, wanawake wakivua vitambaa, Shikanga anakimbia, Dorothy amekunja gauni lake jeupe hadi magotini. Hakuna aliyeuliza nani amekufa. Walilizunguka kaburi wakamlilia Osundwa, miaka miwili baada ya mto kumchukua.

Awinja alilia na wao, Were amelala mapajani pake kwa mara ya kwanza tangu jana. Alilia kama mke. Hakuna aliyemwambia nyamaza, na Kimutai, aliyekaa nyuma yake amelowa tope hadi kiunoni, alimshika bega.

Baada ya muda kukhu alijipangusa uso, akamtazama Awinja, akamtazama Kimutai.

"Watoto watabaki na jina lake."

"Ni lao, mama," Kimutai alisema.

"Na utaniletea niwaone."

"Nitawaleta mwenyewe. Na maziwa ya Lugari."

Bibi aliguna. Kisha alisema kwa Kiluhya kitu ambacho Kimutai hakukielewa, na wanawake wote wakanyamaza kumsikiliza.

"Amesema nini?" Kimutai alimnong'oneza Awinja.

"Amesema mwanamume anayekaa kwenye matope na suruali nzuri, aulize anachotaka kuuliza, kwa sababu giza linakuja na hajala."

"Hapa? Kwenye kaburi? Na unalia?"

"Niulize tu nikilia. Nikimaliza nitaogopa tena."

Kimutai alipiga goti, ingawa tayari alikuwa chini na hakukuwa na mahali pa kushuka zaidi. "Awinja, utanikubali?"

Alitazama udongo mbichi. Ulikuwa udongo tu, umelala sawasawa. Akafuta pua kwa ukosi wa gauni lake.

"Nimekukubali," alisema, na akaendelea kulia.